Nani Anamdai Marehemu?

Dhadho Komora alirudi Garsen kutoka chuoni Nairobi na sanduku la bati kichwani, na mtu wa kwanza kumlaki alikuwa maiti.

Alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, pale pale lori liliposhushia watu, amefunikwa shuka ambayo asubuhi ilikuwa nyeupe. Nzi walishaijua njia ya kuingia chini yake. Wanaume wa Kiorma walikizunguka kitanda, kila mmoja na mkuki wake. Dhadho akatua sanduku. Ndipo kijana mmoja, Dukicha, aliposhika pindo la shuka akaifunua.

"Tazama, msomi. Hii ni kazi ya kampuni yako."

Panga lilikuwa limeingia kati ya shingo na bega, likashuka hadi mbavuni, kama gogo lililopasuliwa na mtu aliyechoka akaliachia njiani. Uso ulikuwa mzima. Ulikuwa uso wa Godana, mdogo wake Dukicha, mchungaji wa ng'ombe wa kampuni, aliyekuwa akicheka hata akiwa peke yake malishoni.

"Nani?" Dhadho aliuliza, na sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Gunga. Ndugu yako, tumbo moja. Nenda nyumbani, mwambie leo asile akashiba. Mtu ameshiba hakimbii vizuri, na mimi sitaki kumshika haraka."

"Na askari?"

Dukicha alitema mate kando. Askari wote wa Garsen walikuwa wamepelekwa na mitumbwi huko Ozi, ambako mafuriko ya masika yalikuwa yameingia vijijini na watu wamepanda mapaani. Lile lori lenyewe lilikuwa la mwisho kupita. Nyuma yake maji yalikata barabara. Basi kati ya mkuki wa Dukicha na kifua cha Gunga hapakuwa na serikali. Palikuwa na mlango wa makuti tu.

Dhadho alipandisha sanduku lake kichwani akaondoka, na mgongo ukimwasha njia nzima.

Mwaka ule, 1958, alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea usimamizi wa fedha za makampuni: namna kampuni inavyokusanya mtaji, inavyogawa hisa, inavyokopa, na inavyofilisika. Mwalimu wake Mzungu aliwaambia wanafunzi kwamba anayetaka kuelewa somo lile aende kwao akatazame watu wana nini na hawana nini. Dhadho hakulisikia kwa sikio moja likatokea jingine. Likizo iliyotangulia aliwakusanya pamoja Wapokomo wa Ndera na Wenje walioshuka kulima kandokando ya mto hapo Garsen, na Waorma wa nyikani. Watu wale walikuwa wakigombana kila kiangazi, ng'ombe wakitaka maji na mashamba yakiwa yameziba njia. Akasimama mbele yao, kijana mwembamba wa miwani, akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana jina, hana uso. Ana mali, hana mkono. Anashtaki na kushtakiwa, lakini ukija kumkamata humwoni."

"Jini!" wakasema.

"Siye."

"Serikali!"

"Mume wangu mwezi wa njaa," akasema mwanamke mmoja, na watu wakaangua kicheko.

"Basi nipeni mji."

Wakampa Wenje, akakataa. Wakampa Lamu, akakataa. Wakampa Mombasa, akakubali, akasema: "Nilikwenda Mombasa, nikala nikashiba, nikawaona wenye mji. Jibu ni kampuni."

Akawafafanulia. Waorma watoe madume waliokonda, Wapokomo watoe mabua na mahindi, ng'ombe wanenepeshwe katika boma moja, wauziwe wachinjaji wa Mombasa. Aliyetoa dume, au mahindi ya thamani yake, ana hisa moja. Kampuni ni mtu kamili, ana jina lake, mali yake na madeni yake.

"Na huyo mtu wako akifilisika?" aliuliza Abdulsalam, ndugu wa mama yake, ambaye baadaye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti.

"Utapoteza ulichotia, mjomba. Nyumba yako na shamba lako haviguswi."

"Hapo," Abdulsalam akasema akijipapasa ndevu, "ndipo nilipokuwa nikipangojea."

Boma likajengwa la miiba, kibao cha mbao kikatundikwa langoni: Kampuni ya Ng'ombe na Mahindi ya Garsen. Godana akaajiriwa kuchunga, Gunga akaajiriwa kulinda mahindi. Na sasa mmoja kamuua mwenziwe.

Nyumbani, mama yake, Mwanahamisi, alikuwa ameketi kizingitini na mchi mapajani. Hakusimama.

"Umekula?" ndilo alilouliza kwanza.

"Mama, yuko wapi?"

"Ndani. Hajala yeye. Mwangalie usoni tu, usimwangalie mikono, hajainawa na hataki nimuoshe."

Gunga alikuwa amejikunja nyuma ya dumu la maji, lijitu lile lenye mabega ya mpiga kasia.

"Ilikuwaje?"

"Ng'ombe waliingia mahindi. Nikamwambia Godana awatoe. Akaniambia, mahindi ya kampuni, ng'ombe wa kampuni, kampuni inajila yenyewe, wewe inakuuma nini? Akacheka."

"Ukamkata kwa kuwa amecheka?"

"Nilikuwa sijapata usingizi tangu maji yapande, Dhadho, viboko wanatoka mtoni kila usiku wanafagia shamba. Kisha nasikia kicheko." Aliyatazama magoti yake. "Na maneno yake yalikuwa sawa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Maneno yake yalikuwa sawa kabisa."

Dhadho alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia. Huko nje mbwa walianza kubweka wote kwa pamoja.

Walikuja na mzee wao mbele, Halake, ami yake marehemu. Nyuma yake mikuki. Upande wa pili wa uwanja walikusanyika Wapokomo na mapanga na mashoka, Abdulsalam katikati yao, kanzu kaifunga kiunoni. Kabla hata salamu haijatoka, Dukicha alichomoka kundini akauvamia mlango. Mkuki ukapenya makuti, ukapita karibu na shavu la Gunga, ukasimama katika udongo wa ukuta. Hakupata nafasi ya kuuchomoa. Mwanahamisi alimshushia mchi juu ya kigasha cha mkono, na kila mtu uwanjani aliusikia mfupa ukivunjika.

"Mwingine!" bibi yule akapiga kelele. "Aje mwingine! Nimetwanga mpunga wa arusi za mama zenu nyote, nitawatwanga na nyinyi!"

Mapanga yakainuka. Mshale ukaruka, haikujulikana wa nani, ukamchoma Muorma mmoja pajani akaketi chini kama aliyealikwa kukaa. Halake ndiye aliyewazuia watu wake, kwa kuwapiga wa mbele usoni kwa ubapa wa fimbo, mmoja baada ya mwingine, mpaka pua zikatoka damu wakarudi nyuma.

"Mimi nimekuja kuongea!" akafoka. "Ninyi mnataka vita, ngojeni kwanza mimi niongee!"

Akamgeukia Dhadho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, lakini hakikumpungukia.

"Kijana ya Komora. Mimi nataka diya. Damu ya mtoto yetu inalipwa na ukoo ya aliyeua. Ukoo yako italipa?"

Abdulsalam akadakia.

"Ukoo haumo, Mzee Halake. Gunga alikuwa kazini. Aliyemweka pale ni kampuni, panga lenyewe la kampuni. Huyu mpwa wangu ametufundisha mbele yako wewe mwenyewe: kampuni ni mtu, ana mali yake na madeni yake. Mwenye hisa haguswi nyumba wala shamba. Au msomi ametudanganya?"

Watu wote walimtazama Dhadho. Masikini, na kitabu kilisema vile vile. Mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake aliyekosa kazini.

"Hakudanganya mtu," akasema polepole. "Deni ni la kampuni."

"Basi nami natega," Halake akasema. "Wewe ulitega sisi, leo mimi nategea wewe. Mtu hana uso ameua. Baba yake nani?"

Dhadho alipiga hatua moja mbele.

"Mimi," Dhadho akajibu. "Mimi ndiye niliyeileta."

"Vizuri. Sisi tunazika Godana leo, kabla ya jua kutua. Kesho adhuhuri, ng'ombe yote ya kampuni inaingia mkononi mwa mama yake, Nuria. Ikiingia, damu imelala. Isipoingia, natoa Gunga kwa hii mlango, na mimi sitapiga watu yangu fimbo tena."

Wakakubaliana hivyo. Halake mwenyewe alikuwa na hisa, na Waorma wengi nyuma yake. Walikuwa wakijilipa sehemu kwa ng'ombe wao wenyewe, na hawakusema neno. Dhadho akaona aibu jinsi moyo wake ulivyotulia. Alimwambia mama yake: ng'ombe watatosha, Gunga ataishi.

"Watu wamekubali upesi mno," Mwanahamisi akasema. Alikuwa akifuta mchi wake kwa majani.

Alfajiri, hata sala haijamalizika, ukatoka mlio upande wa boma. Haukuwa wa mtu.

Dhadho alikimbia kifua wazi. Alichokikuta pale alikuwa amekisoma darasani, na mwalimu alikuwa amekichora ubaoni kwa mstari mmoja uliokuwa ukishuka: kampuni inapotiliwa shaka, kila mwenye hisa hukimbilia chake, na mbio zile zile ndizo zinazomaliza hata kilichokuwa kimebaki. Ubaoni hakuna aliyekuwa akitoka damu.

Kila mmoja alikuwa amelala na wazo lile lile kichwani. Adhuhuri boma litakuwa tupu, dume langu limo, nikalitoe kabla. Wapokomo kwa Waorma, wote wamo, wamebomoa miiba pande zote. Watu wawili walikuwa wameshika dume moja kwa kamba mbili, na wa tatu, alipoona hapati, alilipitishia panga nyuma ya goti, dume likaanguka kwa makalio, likibweka kama mbwa. Jingine lilikuwa likijiburuta juu ya miiba na utumbo wake unalifuata. Mwenye hisa mmoja wa Ndera alimpiga jirani yake kwa kisigino cha shoka mdomoni, watu waliokuwa wakivua mtumbwi mmoja miaka nenda miaka rudi, akapita juu yake bila kutazama chini. Kwenye nguzo ya lango Muorma mzee alikuwa amebanwa na pembe iliyomwingia chini ya mbavu. Kinywa chake kilifunguka kikafumba, kikafunguka kikafumba, na dume nalo limetulia hapo, macho yamelitoka, kama linalomsikiliza.

Na Halake naye alikuwamo, anafunga kamba.

"Mzee Halake! Hata wewe?"

"Ile nyekundu ni yangu," mzee akasema bila kumtazama. "Mimi nilitoa, mimi narudisha. Nyingine apewe Nuria."

"Kila mtu anasema nyingine! Hakuna nyingine!" Dhadho akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Wadai kwanza! Mwenye hisa ni wa mwisho! Kampuni ikifa anayelipwa kwanza ni mdai!"

Kiwiko cha mtu kilimpata kwenye koo. Alianguka chali katika matope ya damu na mavi ya ng'ombe, miwani ikaenda, kwato ikakanyaga pembeni ya sikio lake. Akalala pale akiangalia miguu ya watu. Maneno aliyoyapiga kelele yalikuwa ya kweli, na yalikuwa ya Nairobi. Nani katika wale aliwahi kuona kampuni ikizikwa?

Lakini watu wenzao walikuwa wamewazika.

Akatambaa hadi langoni. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, kimelala na misumari juu. Akakibeba kwa mikono miwili mpaka katikati ya boma, mahali palipokuwa na fujo zaidi, akakilaza chini kwa ubavu, maandishi yakielekea kibla, kama anavyolazwa mtu. Akavua kikoi chake, akabaki na kaptula ya chuo, akakifunika. Kisha akasimama kichwani pake, akasema kwa ile sauti ambayo kila Mwislamu wa mto ule ameisikia kwenye jeneza la baba yake:

"Enyi jamaa! Marehemu huyu mlikuwa mkimjua. Nani anamdai marehemu?"

Waliokuwa karibu waliganda. Si kwamba walitaka. Mwili huganda wenyewe kwa maneno yale. Hayasemwi ila maiti yuko mbele, na mtu akiyasikia, hata kama yuko vitani, hukumbuka kwamba hairithiwi mali ya mtu kabla deni lake halijalipwa.

"Unaichezea dini!" Abdulsalam akanguruma. Alikuwa ameshika dume jeusi, kubwa kuliko yote, kamba kaizungusha mkononi.

"Wanaocheza ni wanaorithi, mjomba. Mimi nimekuja kuzika." Dhadho alimwendea akaishika kamba. "Maiti hajaoshwa. Deni halijalipwa. Unachukuaje mirathi?"

"Achia."

"Nani anamdai marehemu?"

"Achia, Dhadho. Nilikubeba mgongoni, achia."

Hakuachia. Abdulsalam alikata kwa panga mara moja, na kamba haikukatika kwa sababu vidole vya Dhadho vilikuwa juu yake. Viwili vilianguka, na cha tatu kikabaki kimeshikwa na ngozi. Vya mkono wa kuume. Dhadho alivitazama pale chini akaona ajabu tu, kama vitu vya mtu mwingine vilivyodondoka. Kisha maumivu yakafika, akalia mlio mmoja na ng'ombe. Mjomba wake alilivuta dume akatoka nalo kwenye pengo la boma upande wa mto, akalisukuma mtoni, akaogelea ng'ambo akiwa ameshika mkia. Hakurudi. Inasemekana alifungua bucha, na lilimwendea vizuri.

Dhadho alibana mkono kwapani. Akasema mara ya tatu, sasa polepole, maana pumzi haikuwapo:

"Nani anamdai marehemu?"

"Mimi."

Alikuwa mwanamke, langoni. Nuria, mama yake Godana, alikuwa amekuja na wanawake wengine kwa kusikia ng'ombe wakilia, miguu yake ingali na udongo. Alimpita yule mzee aliyebanwa nguzoni, aliyekuwa amekwisha kufa, akaja mpaka mbele ya kile kibao kilichofunikwa.

"Mimi namdai," akasema. "Namdai mtoto."

Halake aliitazama kamba mkononi mwake kama aliyewekewa na mtu mwingine. Akaiachia. Dume jekundu likabaki limesimama pale pale. Kisha akawageukia watu wake, akawaambia jambo kwa Kiorma, fupi, na mikuki michache ikatua. Mpokomo mmoja akaachia, akatukana, akaenda zake. Mwingine akaachia. Wengine hawakuachia, wakaondoka na walichopata, na mmoja wao mto ulimchukua yeye na dume lake mbele ya macho ya watu, hakuna aliyemrukia.

Ng'ombe waliobaki kwa miguu yao hawakufika hata nusu. Wengine walikuwa nyama.

Dukicha, mkono wake uliovunjwa umefungwa kifuani kwa kitambaa, aliwatazama wale ng'ombe, akamtazama Dhadho.

"Pungufu," akasema.

Akatoka mbio, na vijana nyuma yake.

Dhadho alipofika nyumbani, anapepesuka, mkono kauzungushia kitambaa cha mama mmoja wa Kiorma, mlango wa makuti ulikuwa uko chini. Gunga alikuwa amepigishwa magoti uwanjani, damu ikimchuruzika kutoka kichwani, na ncha ya mkuki wa Dukicha imesimama katika shimo la koo lake. Kila Gunga alipomeza mate, ncha ilipanda ikashuka. Mwanahamisi alikuwa ameshikwa na vijana wawili, naye kamng'ata mmoja sikio mpaka limekatika.

"Dukicha, ngoja!"

"Mimi nangojea nini? Semeni mtatoa wapi nyingine."

"Kampuni imelipa yote iliyokuwa nayo. Kitabu changu kinasema hapo ndipo deni linapokwisha. Linakufa na kampuni."

"Kitabu chako kimwambie mama yangu hivyo. Huyo anakuja."

Nuria alikuwa akiingia uwanjani, Halake kando yake. Dhadho alimtazama, akaona kwamba hawezi kumwambia. Kulikuwa na mstari katika somo lile, ukivuka upande huu mali ni ya kampuni, ukivuka upande ule ni nyumba ya mtu, na hakimu mwenyewe havuki. Yeye aliupenda mstari ule. Aliwauzia watu kwa kitendawili. Ulikuwa umemficha Abdulsalam na ungeweza kumficha hata yeye, mkono wake umefungwa, akapanda lori maji yakipungua, akaenda kufanya mtihani wake. Wa kulipa kilichobaki angekuwa Gunga, kwa koo.

Alimgeukia mama yake. Yeye alishafahamu.

"Ni shamba," Mwanahamisi akasema. "Tuna nini kingine?"

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na migomba ya marehemu Komora, imeshuka mpaka ukingoni, shamba jembamba refu, na ndizi zake ndizo zilizokuwa zikimlipia Dhadho chuo.

"Nuria," Dhadho akasema, "ng'ombe wenu wanazunguka mchana kutwa kutafuta njia ya maji, kila ukingo umelimwa. Shamba la baba yangu ni lenu. Njia ya ng'ombe, kutoka nyika mpaka mtoni, hakuna atakayelima tena, sisi wala watoto wetu. Hayo ndiyo yaliyobaki ya diya. Si ya kampuni hayo. Ni yetu."

"Mpaka mtoni?" akauliza Nuria.

"Mpaka mtoni."

Nuria alimgeukia Gunga. Uso wake haukulainika hata kidogo.

"Akate huyu," akasema. "Yote. Kwa mkono ule ule."

Wakampa Gunga panga. Dukicha akamsimamia nyuma, ncha ya mkuki kati ya mabega, na kila Gunga alipopunguza kasi ncha ilimwingia kidogo, mpaka mgongo wake ukawa umejaa vitobo vinavyotiririka. Migomba ikaanguka huku na huku, yenye mikungu na isiyo na mikungu. Utomvu ulimwagika ukachanganyika na damu yake miguuni. Mwanahamisi alifuata akiburuta magogo kando, kanga kaifunga kifuani, hakulia, ila kila alipofika mgomba aliokuwa ameupanda na mumewe alisema kwa sauti ya kawaida, "Huu ulikuwa mtamu." Dhadho alikaa juu ya shina lililokatwa, mkono wake ukimpiga kama ngoma, akiutazama mwaka wake wa tatu wa chuo ukilala chini safu kwa safu.

Jua lilipogeuka, mgomba wa mwisho uliangukia majini, mto ukaubeba. Halake alipiga mluzi. Wale ng'ombe waliobaki wakateremka juu ya maganda na majani yaliyopondeka, wakaingia maji mpaka magotini, wakanywa.

Gunga aliangusha panga. Alisimama akihema, mikono imening'inia, akingoja. Dukicha alimzunguka akaja mbele yake, uso kwa uso. Kisha aliugeuza mkuki kwa mkono wake mmoja mzima, akampiga kwa mpini mdomoni kwa nguvu zake zote. Meno yaliruka.

"Hiyo si ya mama," akasema. "Hiyo ni yangu."

Akawafuata ng'ombe wa mama yake.

Gunga alianguka kwa mikono na magoti, akatema damu na vipande vyeupe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanahamisi alimwendea, akachutama, akamshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga kama anavyotazamwa mtoto aliyeanguka mtini.

"Meno tu," akasema. "Njoo mtoni nikuoshe. Na wewe, Dhadho, inuka. Huo mkono hauwezi kukaa hivyo."